Mdhamini wa Fremu: Karne na Nusu ya Kusimamiana Katika Biashara za Mbeya na Iringa

Mkataba wa pango la fremu katika miji ya Mbeya na Iringa huwa mfupi. Kurasa mbili, zikizidi tatu, zimechapwa steshenari ya jirani. Juu kuna majina ya mwenye nyumba na mpangaji, katikati kodi na muda wake, chini sahihi za wawili hao. Kisha, mara nyingi bila kifungu chochote kinachomweleza, inakuja nafasi ya mtu wa tatu: jina, namba ya simu, namba ya NIDA, picha ndogo ya pasipoti na alama ya dole gumba kwa wino wa bluu. Huyo ni mdhamini. Hauzi dukani wala hagawiwi faida, lakini kodi ikikwama yeye ndiye atakayegongewa mlango.

Wanaoandika historia ya Nyanda za Juu Kusini wametusimulia mengi juu ya vita vya Mkwawa, dhahabu ya Lupa, chai ya Mufindi na reli ya TAZARA. Mdhamini hajapewa nafasi yake, nadhani kwa sababu hakuacha jengo wala mnara. Lakini biashara ya ukanda huu, tangu siku za misafara hadi maduka ya simu ya Kabwe, imebebwa na watu waliokubali kuchukua deni la wenzao mabegani. Kila utawala uliopita hapa ulimbadilisha mdhamini sura. Hakuna uliofaulu kumwondoa.

Tuanzie kwenye misafara. Katika miaka ya 1860 Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip, alipita Urori akielekea Ruemba, nchi ya Wabemba, na mbele zaidi kutafuta pembe za ndovu. Urori ni nchi ya Wasangu, Mbarali ya leo. Nguo na shanga walizobeba wapagazi wake zilikuwa za mkopo. Zilitoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja, ambao mkubwa wao kwa Tippu Tip alikuwa Tharia Topan, na zilipaswa kulipwa pembe zikishuka pwani, pengine baada ya miaka. Kutoka Unguja hakuna aliyeweza kumfuata mdeni hadi Usangu. Mahakama ya kumshtakia huku bara haikuwepo. Kilichomshika mfanya safari ni jina la ukoo wake, ndugu waliobaki pwani na mashamba yao. Kijana asiye na jina alitafuta mwenye jina amsimamie, na hao waliosimama walijua wanachokifanya, maana fiqhi ya Kiislamu ina mlango mzima wa dhamana, na ndani yake mdai anaruhusiwa kumwendea mdhamini kama anavyomwendea mdaiwa mwenyewe.

Huku bara nako kulikuwa na njia zake. Mgeni aliyetaka kuuza katika nchi ya mtawala alihitaji mwenyeji, mtu wa kumpokea, kumlaza na kujibu kwa niaba yake likitokea la kutokea. Wengine walichanjiana udugu, na kuanzia hapo kumdhulumu mmoja ilikuwa kumdhulumu ndugu wa damu. Mwenyeji na ndugu wa kuchanjiana walifanya kazi ileile inayofanywa leo na mtu wa tatu kwenye karatasi ya fremu: kumfanya mgeni aaminike kabla hajajulikana.

Vita vikaivuruga njia hiyo. Wahehe wa Mkwawa waliwapiga Wajerumani Lugalo mwaka 1891, ngome ya Kalenga ikaanguka mwaka 1894, na mwaka 1896 Wajerumani wakaanza kujenga boma jipya mahali ulipo mji wa Iringa sasa. Askari wakapata mishahara, na penye mshahara pakaja duka. Mbeya ilichelewa. Ilizaliwa mwaka 1927, ikilishwa na dhahabu ya Lupa upande wa Chunya, na miaka ya 1930 ikawa kituo cha wachimbaji, malori na maduka kwenye barabara kuu iendayo kusini.

Waliofungua maduka hayo, kwa sehemu kubwa, walikuwa Wahindi. Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie kidogo, maana tulizoea kusema kwamba Wahindi walifanikiwa kwa sababu walikuwa na mtaji. Wengi walikuja bila mtaji. Walichokuwa nacho ni wadhamini. Kijana aliyetoka Gujarati alifanya kazi kwenye duka la mjomba au la mtu wa jumuiya yake, akala na kulala nyuma ya duka hilohilo, na baada ya miaka akapelekwa kwa muuza jumla kwa maneno machache: huyu ni wetu. Muuza jumla akampa mzigo wa mali kauli. Kijana akishindwa, jumuiya ilikuwa na njia za kulimaliza jambo bila kulipeleka bomani. Baadaye mfumo huo ukapata ofisi: Waismaili, baada ya sherehe za Jubilii ya Almasi ya Aga Khan zilizofanyika Dar es Salaam mwaka 1946, walianzisha mfuko wa uwekezaji uliokopesha wafanyabiashara na wajenzi wa jumuiya yao.

Mwafrika wa mji huohuo alifungiwa milango miwili kwa pamoja. Mlango wa kwanza ulikuwa ardhi. Kwa sheria ya ardhi ya 1923 ardhi yote ya Tanganyika ilikuwa chini ya serikali. Shamba la ukoo Rungwe au Kilolo lilitambuliwa kwa mila tu, bila hati, na hakuna benki iliyolipokea. Miji nayo iligawanywa kwa kanda, na eneo la biashara lilitaka majengo ya kudumu ambayo Waafrika wengi hawakuwa na fedha za kuyajenga. Jina la Uhindini bado liko Mbeya kutukumbusha mpaka huo. Mlango wa pili ulikuwa sheria ya mikopo. Waingereza walizuia Waafrika wasikopeshwe na wasio Waafrika: deni la namna hiyo halikuweza kudaiwa mahakamani bila kibali cha ofisa wa serikali. Walisema ni kuwalinda wenyeji wasinyonywe. Matokeo yake ni kwamba hapakuwa na mwenye akili timamu aliyemkopesha Mwafrika mzigo wa duka, wala aliyempangisha chumba cha biashara kwa ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi. Huo haukuwa ulinzi. Ulikuwa ukuta, na kimo chake bado tunakipima leo.

Wakati huohuo sheria itakayomhusu mdhamini hadi leo ilikuwa imeshaingia nchini. Mwaka 1920 Waingereza walileta Tanganyika sheria kadhaa za India, ikiwemo Sheria ya Mikataba ya India ya 1872. Mwaka 1961 Tanganyika ilitunga Sheria ya Mikataba yake, sasa Sura ya 345, na ikafuata ile ya India karibu neno kwa neno. Kifungu cha 80 kinasema jambo ambalo wadhamini wengi wa Mwanjelwa na Mlandege hawajawahi kusomewa: wajibu wa mdhamini ni sawa na wa mdaiwa, isipokuwa mkataba wenyewe useme vinginevyo. Mwenye nyumba halazimiki kuhangaika kwanza na mpangaji, akauza kabati na mizani yake, ndipo amfikie mdhamini. Anaweza kuanza na mdhamini.

Uhuru ulipokuja, na hasa baada ya Azimio la Arusha la 1967, ilionekana kama mambo haya yote yangekwisha. Benki zikataifishwa. Mwaka 1971 sheria ya kutwaa majengo ilichukua nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuziweka chini ya Msajili wa Majumba, na katika miji kama Iringa na Mbeya maduka mengi ya barabara kuu yalibadili mwenye nyumba kwa siku moja. Kampuni za biashara za mikoa, zile tulizoziita RTC, zikashika ugawaji wa bidhaa. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, na maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili yale ya ushirika yachukue nafasi.

Serikali ikawa mwenye nyumba, mwenye duka na mwenye benki. Mdhamini akahamia kwingine. Akawa mjumbe wa nyumba kumi, akawa katibu wa tawi, akawa mkuu wa idara anayeandika barua kwamba huyu ni mtumishi wangu na mshahara wake unapita kwangu. Bila barua hukupata chumba wala kibali cha sukari. Na kwa kuwa kodi za majengo ya umma zilikuwa chini sana kuliko thamani ya mahali penyewe, kikaota kilemba: mpangaji anayetoka anapokea fedha kutoka kwa anayeingia, mara nyingi kubwa kuliko kodi ya miaka, na mkataba unabaki na jina la yule aliyeondoka. Ninakitaja kilemba kwa sababu ndicho kilichovuruga dhamana kuliko kitu kingine chochote. Mdhamini alimsimamia mtu fulani, lakini dukani sasa amekaa mtu mwingine asiyemjua, anayeuza bidhaa nyingine, anayelipa au kutolipa apendavyo. Hadi leo katika masoko ya halmashauri kuna vizimba vilivyopita mikono mitatu au minne juu ya jina moja.

Baada ya mwaka 1985 milango ya biashara ilifunguliwa. Mbeya ilikuwa na reli ya TAZARA iliyokamilika mwaka 1975, ilikuwa na barabara kuu ya Zambia, na mpaka wa Tunduma hauko mbali. Walioitumia nafasi hiyo kwa namna ya kushangaza ni Wakinga. Kutoka milima ya Makete, wilaya yenye baridi na udongo uliochoka, walishuka Mbeya, Makambako na Iringa, wengi wakianza na biashara ndogondogo za mkononi. Leo sifa yao ya biashara inafika Kariakoo.

Ukiuliza siri yao mitaani utaambiwa hadithi za ushirikina. Mimi naona siri iko wazi, na ni ileile ya maduka ya Uhindini ya miaka ya 1930. Kijana wa Kikinga anapokelewa na kaka au baba mdogo. Anafagia, anabeba, anajifunza kupima kitambaa, anapelekwa kufuata mzigo. Analipwa kidogo au halipwi, lakini miaka inahesabiwa. Siku ya kufunguliwa duka ikifika, bosi wake anakwenda naye kwa mwenye fremu. Mwenye fremu hamwangalii kijana, anamwangalia aliyekuja naye. Kodi inakubaliwa kulipwa kwa awamu, mzigo wa kwanza unatoka stoo ya bosi, na kama kuna karatasi ya kuweka sahihi, jina la pili ni lake. Dhamana hapo imefanyiwa kazi kwa miaka kabla ya kuandikwa: bosi anamjua kijana anavyohesabu chenji, anavyoongea na mteja mkorofi, anavyolala mapema au kuchelewa.

Makete hiyohiyo ilitufundisha pia nini kinatokea wadhamini wanapotoweka. Ukimwi uliipiga wilaya hiyo vibaya kuliko wilaya nyingi za nchi, ukaacha yatima wengi na bibi wanaolea wajukuu. Kizazi kilichoondoka ndicho ambacho kingekuwa kina baba mdogo, kina mjomba, kina bosi. Mtoto aliyebaki alikosa wazazi, na alipokua akakosa mtu wa kwenda naye kwa mwenye fremu. Hasara hiyo haimo katika takwimu za hospitali, nayo ni hasara ya uchumi.

Kwa wasio na ukoo wa biashara, miaka ya 1990 ilileta kudhaminiana kwa vikundi. PRIDE na mashirika mengine yaliyofuata njia ya Grameen ya Bangladesh yalikopesha wanawake na wafanyabiashara wadogo bila hati ya nyumba. Wanakikundi walidhaminiana, mmoja akishindwa wenzake wanachanga. VICOBA na SACCOS zikaendeleza. Mengi mema yalitokea. Yametokea pia mambo ya aibu, kinamama kubebeana sufuria na godoro siku ya marejesho, na hayo yasifunikwe. Lakini mkopo wa kikundi hulipa mzigo, haulipi fremu. Mwenye fremu anataka kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, na tangu Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Pango ya 1984 ilipofutwa mwaka 2005, mpangaji amebaki kujadiliana naye peke yake.

Nionavyo, kodi ya mwaka kwa mkupuo ni njia ya mwenye nyumba ya kujiondolea haja ya kumjua mpangaji. Fedha imekaa mahali pa mtu. Kwa mwenye nayo ni rahisi. Kwa msichana wa Kihesa mwenye cherehani moja na wateja wa kutosha, ni kumwambia abaki barazani, na baadaye tunamshangaa kwa nini anapanga nguo kando ya barabara pamoja na wamachinga. Mdhamini mzuri angemwezesha kulipa kila miezi mitatu. Kwa hiyo siandiki kumsifu mdhamini kwa mapenzi ya mambo ya kale. Bila yeye, fremu ni za waliokwisha kuwa nazo.

Naye anaweza kuangamia. Mwaka 2006 soko la Mwanjelwa liliteketea. Mwaka 2017 likaungua soko la SIDO, ambako wafanyabiashara wengi walikuwa wamejishikiza. Moto unachukua mitumba, mashine na daftari, hauchukui deni. Benki inadai, aliyetoa mali kauli anadai, na mwenye stoo iliyopangwa nje ya soko anataka kodi yake. Mwalimu aliyeweka dole kwa ajili ya shemeji yake anaanza kukatwa mshahara, naye hakuwahi hata kulifungua geti la soko. Wakristo wa Rungwe, ambako Wamoravian na Walutheri wa Berlin walifika mwaka 1891, wamehubiriwa vya kutosha kutoka Mithali sura ya 6, pale anapoonywa aliyejifunga kwa ajili ya jirani yake. Wanaujua mstari, na bado wanaweka sahihi, kwa sababu anayeomba ni mtoto wa dada.

Tatizo kubwa nililoliona katika mikataba hii ni kwamba watu hawatofautishi shahidi na mdhamini. Shahidi anathibitisha kwamba fulani ametia sahihi mbele yake, kazi yake imekwisha. Mdhamini ameahidi kulipa. Lakini kwenye karatasi nyingi nafasi zao zinafuatana, na mzee aliyeitwa ofisi ya serikali ya mtaa kushuhudia anajikuta, miezi minane baadaye, ni mdaiwa. Kuna pia kina mama waliokuja kugundua kwamba nyumba wanayolala imewekwa rehani na waume zao kumdhamini mtu, ingawa sheria ya ardhi inataka ridhaa ya mwenzi kabla ya nyumba ya ndoa kuwekwa rehani.

Sheria yetu ina kinga ambazo hazitumiki kwa kuwa hazijulikani. Mwenye nyumba na mpangaji wakibadili masharti ya mkataba bila mdhamini kukubali, wakapandisha kodi kwa mfano, mdhamini anafunguliwa kwa yote yanayofuata badiliko hilo. Wadhamini wakiwa wawili, wanabeba sawa kwa sawa isipokuwa wamekubaliana vingine. Aliyelipa ana haki ya kumdai mpangaji alichomlipia. Kilichokosekana ni kikomo, na hapo tunaweza kujifunza kwa wengine. Ufaransa sheria inamtaka mdhamini ambaye ni mtu binafsi aandike mwenyewe kiasi anachokubali kubeba, kwa maneno na kwa tarakimu. New York wenye majengo wamezoea dhamana inayokoma pale mpangaji anapotoa taarifa mapema, analipa hadi siku anayotoka na kukabidhi funguo. Mdhamini halipi kodi ya miezi ambayo duka limesharudishwa, na mwenye jengo anapata fremu yake mapema badala ya kufukuzana mahakamani na kufuli lenye kutu.

Hakuna kinachozuia hayo kuandikwa Mbeya au Iringa kesho asubuhi. Hayahitaji sheria mpya, kwa kuwa kifungu cha 80 chenyewe kinaruhusu mkataba kusema vinginevyo. Mawakili wa miji hii wanaweza kuyaweka katika mikataba wanayoandaa, watendaji wa mitaa wakayasoma kwa sauti kabla ya kugonga mhuri, na halmashauri, ambazo ni wenye nyumba wakubwa kuliko wote sokoni, zikawa za kwanza kuyatumia katika vizimba vyao. Wenye fremu wasiyaogope. Mdhamini anayejua mwisho wa mzigo wake ndiye atakayepokea simu.

Na wewe unayesoma haya, ambaye huenda jioni hii utaombwa kumsimamia kijana wa ndugu yako: usimkatalie kabla ya kumsikiliza. Nenda kaione fremu. Omba mkataba wote, si ukurasa wa mwisho. Hakikisha imeandikwa unabeba shilingi ngapi, hadi tarehe ipi, na kwamba funguo zikirudishwa na kodi ikalipwa hadi siku hiyo, dhamana yako imekwisha. Chukua nakala yako. Ndipo uweke dole.